Sista Dirisha Anatoka Zamu

Basi Sista Dirisha akamshika bwana harusi mkono, na suti yake na ua lake kifuani, akampeleka mpaka dirishani, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba mbele ya wakwe wote. Watu wakaduwaa. Bibi harusi, ambaye ni binti yake wa kumzaa, alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye hana habari. Akamtazama mkwewe jicho la kulia, akamtazama la kushoto, akamfuta vumbi begani, akasema macho meupe, endeleeni.

Hiyo ndiyo anza nayo, mwanangu. Mambo ya miaka yaweke juu kwa herufi kubwa kama walivyokuagiza: kwamba nesi mkuu wa wodi ya upasuaji na kliniki ya watu wa nyongo ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na nne, na kwamba anastaafu Ijumaa hii, mwisho wa mwezi. Jina lake la kwenye vyeti unalo wewe karani. Sisi tunamjua kwa Sista Dirisha, na ukimwita vinginevyo kwenye korido hii hageuki mtu, hata mwenyewe hageuki.

Mimi ni Mama Supu, niliyepika jiko la wodi mpaka mgongo ukagoma. Shule sikuiona, ndiyo maana mimi nasema na wewe unaandika. Wamenipa kazi ya kumsifu kwa sababu namjua pande zote mbili: nimefanya naye kazi, na nimelala kitandani kwake. Kitanda cha wodi nasema, usinicheke. Na leo nimekaa kwenye benchi lake nasubiri kuitwa. Kwa hiyo nikinyamaza katikati, usidhani nimesahau nilikofika.

Ninachosubiri ni picha. Miaka sita iliyopita nilikatwa mrija wa nyongo pamoja na kipande cha ini. Ilikuwa saratani. Tangu hapo kila mwaka wananipiga picha tumboni, na kila mwaka ilikuwa safi. Ya mwaka huu imekuja na kivuli. Kivuli tu, walisema, huenda ni kovu la kisu, huenda ndiyo yenyewe imerudi. Wakanipeleka kwenye ile mashine kubwa inayogonga kama fundi bati, na majibu ni leo. Leo hii hii ndiyo kliniki ya mwisho ya Sista Dirisha. Mzee wangu nimekuja naye, lakini kasema anakwenda getini kutafuta gazeti asome. Atasoma na nini, na miwani yake ninayo mimi hapa mkobani.

Haya, tumrudie mwenye sherehe yake.

Alikuja hapa msichana mwembamba kama fito, kofia ya unesi imemzidi kichwa. Wakati huo wodi ilikuwa na mapazia ya njano, taa za balbu za njano, na kuta zimepakwa rangi ya siagi. Aliyechagua nadhani alikuwa na njaa siku hiyo. Akaja mwalimu mmoja wa shule, amekonda, anajikuna mwili mzima. Nesi wetu akamtazama macho pale pale kitandani, kama yana njano ya nyongo. Sasa pale kila kitu kilikuwa cha njano, ukuta wa njano, shuka imepigwa na njano, hata mikono yake mwenyewe ya njano. Akaona macho ya kawaida. Daktari wa zamu naye akatazama chini ya balbu ile ile, akaona ya kawaida. Mwalimu akapewa dawa ya kupaka akarudi kwake.

Alipokuja mara ya pili alikuwa na rangi ya njano ambayo hata kipofu angeiona. Ugonjwa ulikuwa umekwishaukumbatia mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini, na ukishafika hapo kisu hakina pa kupita. Yule mwalimu hakutoka tena wodini. Nesi wetu ndiye aliyemwosha uso, ndiye aliyemkata kucha, na alipokufa alimfunga kidevu mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie.

Kesho yake mapazia ya njano yakapotea. Yalikokwenda ninajua, maana kiti alichopandia nilikishika mimi.

Tangu hapo hamtazami mtu macho ila kwa mwanga wa jua. Ukimwamkia asubuhi, anakushika mkono kama anataka kukunong'oneza umbea, kumbe anakuburuta dirishani. Wafagiaji, madaktari, watu waliokuja kuwaona wagonjwa wao, wote. Mkurugenzi alipokuja kujitambulisha siku yake ya kwanza kazini alijikuta ametazamishwa nje huku kope limevutwa, na hotuba yake mkononi. Na miaka ilipopita wakataka kupaka kuta rangi upya, wakaleta tena ile ile ya siagi. Sista Dirisha akakaa juu ya debe la rangi na sare yake nyeupe. Hakupiga kelele, alikaa tu, anakunywa chai yake iliyopoa. Fundi akasubiri, akachoka, akaenda kumwita mkurugenzi. Kuta zikapakwa nyeupe. Ukimwuliza mpaka leo ni kazi gani kubwa aliyoifanya hapa, hatakwambia kliniki. Atakwambia ukuta.

Lakini kliniki lazima uiandike. Zamani mtu wa nyongo akishakatwa na kidonda kikikauka, anaambiwa nenda, ukijisikia vibaya uje. Na akijisikia vibaya anakuja kweli, lakini anakuja na maji yamemfika shingoni. Sista Dirisha akasema watu wangu siwaachi hivyo, watakuja wazima, wakae benchi moja, niwaone. Akapewa chumba hiki cha mwisho wa korido kilichokuwa cha magongo mabovu, akakikubali kwa sababu ya dirisha lake kubwa. Ikawa Jumatano.

Watu huwa wananiuliza mimi, eti Mama Supu, mbona fulani alikatwa akaishi kuona wajukuu, na fulani kakatwa na daktari yule yule hakumaliza mwaka? Mimi nawajibu kwa kiazi, kama nilivyojibiwa. Siku moja aliingia jikoni kwangu akaokota kiazi kilichooza upande, akachukua kisu changu, akaenda nacho wodini kumwelewesha mke wa mgonjwa aliyekuwa analia haelewi. Nikamfuata, maana kisu ni changu. Akamwonyesha: ukikata, ukakuta pote peupe, kiazi kimepona. Ukiacha doa jembamba ukingoni, hata ukifanyaje kitaoza tena. Kwa hiyo kile kipande alichokitoa daktari kinapelekwa maabara, wanautazama ukingo wake. Ukingo safi ni habari njema kuliko zote. Yule mama akaacha kulia akaanza kuuliza maswali. Kisu changu hakikurudi, kimo kwenye droo yake mpaka sasa hivi ninavyokwambia.

Halafu kuna tezi, vitu vidogo kama kunde vimekaa pembeni ya mrija. Ugonjwa ukishaingia humo ujue umepata njia ya kutembea. Tena saratani zenyewe hazifanani tabia, kuna za kiburi na kuna za taratibu. Na kama imewahiwa au imechelewa, hilo ndilo dirisha. Na mwili wenyewe una nguvu gani ya kubeba kisu. Hapo ndipo tuliposhirikiana mimi na yeye, maana mtu wa nyongo chakula anakiona adui. Alikuwa anakuja jikoni kuniagiza supu isiyo na mafuta, kidogo kidogo, mara nyingi, na ole wako uipeleke imepoa. Yeye chai yake hata iwe barafu, lakini supu ya mgonjwa lazima itoe moshi. Daktari wetu wa upasuaji, ambaye tunamwita Mkimya kwa sababu anazungumza kama maneno yanauzwa, alikuwa kabla ya kupanga siku ya kisu anamtazama yeye. Akitikisa kichwa kwamba bado, mgonjwa anaendelea kula, na mrija wake wa plastiki ubavuni unatoa nyongo nje, mpaka njano ishuke na homa itulie. Wale wawili walifanya kazi kama mkono na mkono.

Na baada ya kisu kuna dawa, na kuna kurudi kliniki bila kukosa, na kuna nani anakupikia nyumbani. Hilo la mwisho hakuna mashine inayolipima, lakini yeye ndilo analiuliza mwanzo. Nani yuko nyumbani? Ukinyamaza, anajua.

Na akishakueleza yote hayo, hakudanganyi. Anakwambia wapo waliokuwa na kila kitu kizuri na hatukukaa nao, na wapo waliokuwa na kila kitu kibaya na bado wanakuja kutusumbua. Sijamsikia hata mara moja akimwambia mtu utapona. Anasema tutaonana Jumatano. Basi. Na mtu anaondoka ameishika hiyo Jumatano kama kamba.

Mimi alinikamata jikoni. Nilikuwa najikuna mikono, nikasema sabuni ya vyombo imebadilishwa. Mkojo nao mweusi kama chai ya rangi, nikasema sinywi maji. Mtu ana majibu ya kila kitu, ee? Aliingia kuniagiza supu, akanitazama ninavyojikuna, akanishika mkono. Nikamwambia niache mimi na moto wangu, leo sina muda wa dirisha lako. Hakubishana. Akanigeuza kwenye mwanga, akashika kope langu, akakaa hivyo muda mrefu. Nje palikuwa na gari la mizigo linarudi nyuma, nalikumbuka mpaka leo, nilikuwa nalitazama hilo gari. Halafu akaufunga moto wa jiko langu kwa mkono wake, akasema:

"Leo supu atapika mwingine."

Ndipo nikajua.

Niliwahi, mwanangu. Ukingo wangu ulikuwa safi. Tezi moja ilikuwa na ugonjwa, moja tu, lakini hiyo moja inatosha kumnyima mtu usingizi, ndiyo maana nikawekewa dawa za baada ya kisu. Dawa zile nilizichukia. Mdomo unakuwa kama umelamba msumari. Nikafika mahali nikamwambia mzee wangu basi, nimetosheka, niacheni. Yeye, mzee wangu, ni fundi saa, mtu wa kushika vitu vidogo kwa uangalifu, kugombana hajui. Akatoka nje. Nikadhani amekwenda kulia. Kumbe amekwenda kunishtaki.

Hapa lazima nikueleze, wasomaji wasije wakatufikiria vibaya. Zamani nilipokuwa kazini mzee wangu alikuwa ananiletea chakula cha mchana, mimi mpishi, naletewa chakula. Anasema mpishi naye apikiwe. Sista Dirisha alipomwona na bakuli lake limefungwa kitambaa, akatangaza kwamba mwanamume wa namna hiyo hawezi kuwa wa mtu mmoja, tutagawana. Tangu siku hiyo mimi na yeye ni wake wenza. Mumewe mwenyewe anajua, anacheka, anasema afadhali naye apumzike.

Basi jioni hiyo nasikia viatu vyake uani kwangu. Kaja na begi. Begi la nguo, mwanangu, limejaa. Akaliweka katikati ya sebule, akamgeukia mzee wangu kama mimi sipo:

"Mume wetu, huyu akiacha dawa, mimi nahamia."

Mzee wangu akalishika begi alipeleke chumbani, uso mkavu kabisa. Nilicheka mpaka kidonda kikavuta. Na dawa nikazimaliza zote. Begi lilikuwa na nini? Lilikuwa na mito ya wodi.

Nimekutajia viatu. Viatu vya Sista Dirisha vinalia. Kwi, kwi, kwi, korido nzima. Tulimchangia vingine, tena vya bei, baada ya wiki vikaanza kulia navyo, tukajua tatizo si viatu. Sasa nikupe siri ya benchi hili, maana anaondoka na siri haina kazi tena. Anayesoma majibu ni Daktari Mkimya, lakini anayeita watu ni yeye. Kama habari ni njema hatoki mlangoni. Anasimama pale pale anakuita kwa kelele, kama anauza samaki, mpaka walioko getini wanageuka. Kama habari ni mbaya haiti mtu. Anatoka mwenyewe, anakuja kwi, kwi, anakaa pembeni yako, anakuwekea mkono gotini, mnakaa kidogo hivyo, halafu mnainuka wawili mnaingia pamoja. Nadhani mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Na miaka yote hakuna aliyemwambia, tusije tukamharibia. Kwa hiyo sisi wa benchini tukizungumza huku, sikio moja liko kwenye sakafu.

Andika, kwamba amewafundisha manesi wengi, wengine sasa ni wakubwa kwenye hospitali za watu. Kwamba anayemwachia kiti ni yule nesi mrefu, ambaye juzi nilimkuta amemshika muuza vocha amemsimamisha juani, kope limevutwa. Nikasema ala, tumeshapona, mbegu imeota. Andika kwamba Sista Dirisha hajui kuimba na anaimba. Kwamba…

Ngoja.

Ngoja kwanza, mwanangu. Viatu hivyo.

Anakuja huku. Nishike mkono. Usinitazame, tazama karatasi yako.

Amepita. Amepita, ameketi kule mwisho, kwa yule baba mwenye kofia ya sufu, aliyekuja na binti yake. Amemwekea mkono gotini. Kofia ameivua, binti amemshikia. Tuwaache, tusiwatazame. Yule baba asubuhi alinipisha nikae upande huu wenye jua.

Hilo usiliandike. Au basi, andika, lakini andika kwamba alikaa naye muda mrefu. Kliniki imejaa watu, na yeye leo ana mambo chungu nzima, wanamsubiri kwenye keki huko chini, lakini amekaa pale kama hana pengine pa kwenda ulimwenguni. Miaka thelathini na nne amekaa hivyo. Kila siku tunazungumza habari za wale waliopona, tunawapigia makofi, mimi mmojawapo. Lakini mimi nakwambia uzito wake umo pale kwenye lile benchi. Anajua kwamba yule baba alichelewa kidogo tu. Anajua na wapi alichelewa. Na hamwambii ulichelewa. Sijamsikia akimwambia mtu hivyo.

Wameinuka. Wanaingia pamoja, amemshika kiwiko.

Leso yangu iko wapi? Ahsante.

Tulikuwa wapi? Tumtakie heri. Hapo ndipo watu wanaposemaga yale maneno ya kwenye kadi, mimi nayasema ya kwangu. Sista Dirisha, mwenzangu, umetosha. Nenda nyumbani ukalale mpaka jua likuchome mguu. Mumeo umtazame macho mara moja tu kwa wiki, mwache anywe kahawa yake kwa amani. Jifunze kupika, nitakuja kukufundisha, na kisu changu uje nacho. Sisi uliotuosha, uliotulisha, uliotufokea, tunakuombea usingizi mzuri na magoti yasiyouma. Na wale ambao hawapo kwenye sherehe, ninajua wewe utawahesabu hata kama sisi hatutawataja, na mwalimu wa shule atakuwa wa kwanza. Yule mwalimu kakutuma kwetu wengi, jamani. Mimi kanitumia wewe.

Kuna kitu kimoja nimebaki nacho. Leo nikiingia mle ndani, vyovyote itakavyokuwa, hataweza kuniambia tutaonana Jumatano. Jumatano ijayo atakuwa kwake. Nimelifikiria tangu jana, nikamwambia mzee wangu, mwenzio nitashika mkono wa nani sasa? Akasema saa ikikatika mshale, dakika zinaendelea ndani kwa ndani. Maneno ya fundi. Halafu akasema kwani hatujui kwake? Ni kweli, tunajua kwake. Basi andika hivi, na hii ndiyo iwe ya mwisho, kwa herufi zile kubwa: sisi watu wa benchi tunasema sasa ni zamu yetu kukwambia. Tutaonana Jumatano. Tutakuja na chakula kwenye bakuli, limefungwa kitambaa, na dirisha la sebuleni kwako tutalifungua wenyewe. Na kama kuna mmoja wetu hatafika…

Umesikia?

Nyamaza, nisikilize vizuri. Viatu havijalia. Ni mlango tu.

"Mke mwenzanguuu! Mama Supu! Umekufa huko au umelala? Njoo, daktari hana siku nzima!"

Ee Mungu wangu. Kelele zote hizo, na watu wamejaa. Umemsikia? Kutoka mlangoni. Hajatoka, kasimama pale pale mlangoni.

Nipe mkono niinuke. Mkoba wangu. Subiri, shika hii miwani, mzee wangu akija na gazeti lake mpe, sasa anaweza kulisoma. Akikuuliza niko wapi, mwambie tu nimeitwa kwa kelele.

Nakuja, jamani, nakuja.